Bizari na Sukari Guru Utosini

Nikisema kazi yangu ni kuchunguza vifaa vya harusi za Kihindu, swali la kwanza huwa la mkufu. Dhahabu huvuta macho, sikatai. Ila kwenye harusi ya Watelugu, watu wa Andhra Pradesh na Telangana kusini mwa India, mimi hutafuta jani la tambuu lenye kitonge cha kahawia juu yake.

Kitonge hicho hukiita jeelakarra bellam: bizari ya pilau iliyopondwa pamoja na sukari guru. Vitu vya jikoni tu! Maharusi huketi wakielekeana, katikati pazia, hawaonani. Ikiwadia saa iliyopigiwa falaki, kila mmoja hupitisha mkono na kumbandika mwenzake kitonge kile utosini. Hapo pazia huondolewa, macho yakakutana. Kwa Watelugu wengi ndoa imeshafungwa, na mkufu bado haujavaliwa.

Utaambiwa bizari ni uchungu na sukari ni utamu wa maisha. Sawa, lakini mbona hakuna anayeonja? Kitonge kinakaa kichwani. Mimi naona kinachosema zaidi ni ule unato wake: ukishaviponda pamoja, hata uwe na subira ya namna gani, huichambui tena bizari ikatoka peke yake.

Mkufu wenyewe, mangalasutra, kwa kawaida huanza kama uzi uliopakwa manjano. Bwana harusi huufunga shingoni mwa mkewe kwa mafundo matatu. Vinavyoning'inia ni visahani viwili vya dhahabu, kimoja kimetoka kwao mume, kingine kwao mke. Mkufu wa dhahabu huja baadaye, siku uzi unapopumzishwa.

Kisha mchele wa manjano. Maharusi humwagiana vichwani kwa viganja, kwanza kwa adabu, halafu kwa mashindano, na hata wazee waliokunja uso tangu asubuhi hucheka.

Zimebaki pete za vidole vya miguu. Hizi ni za fedha, kwa kuwa dhahabu ni ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema, na hairuhusiwi kushuka miguuni. Bibi harusi huweka mguu juu ya jiwe la kusagia, na anayemvisha ni mumewe. Bwana yule aliyeletwa kwa ngoma na zumari, hapo hana budi kuinama.