Jioni za Charleston: Mji Unaosomeka Vizuri Taa Zikishawaka

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni katika mji mkongwe wa Charleston, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo huifanya baada ya jua kutua. Wageni wanaozungumza Kiswahili hunijia zaidi wakati wa likizo: familia zinazoishi Atlanta au Texas, na mara kwa mara wazazi waliosafiri kutoka Mombasa au Dar es Salaam kuja kuwaona watoto wao. Swali lao huwa moja: mchana tumezunguka majumba na bustani, sasa jioni twende wapi? Wengi hutarajia niwatajie mikahawa na kumbi za muziki, na hayo nitayafikia, lakini jibu langu la kwanza halijabadilika kwa miaka yote hii: vaeni viatu vya kutembelea, twendeni kwa miguu. Mchana jua la huku hupiga kutoka juu na kulainisha kila ukuta. Usiku mwanga wa taa hutokea ubavuni, na kila kovu la mji huu huonekana.

Kabla ya kutoka, kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni saa. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa hiyo neno jioni kwetu lina saa yake. Charleston sivyo: mwezi wa Juni jua hutua saa mbili na nusu, na mwezi wa Desemba hutua saa kumi na moja na robo, kwa hiyo mgeni anayepanga matembezi kwa kufuata mazoea ya nyumbani atajikuta ama kwenye jua kali ama kwenye giza totoro. Hesabu kuanzia machweo, wala si kuanzia chakula cha usiku. Aprili, Mei na Oktoba ndiyo miezi mizuri. Julai na Agosti joto hubaki ndani ya matofali hadi usiku mwingi, na visubi wa kwenye matope ya pwani huuma kuliko mbu.

Jambo la pili ni maji. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na ilinibidi nijifunze upya hapa jambo nililolijua utotoni: kutazama mwezi kabla ya kupanga safari. Mji wa zamani umekaa kwenye ncha ya nchi kavu kati ya mito ya Ashley na Cooper, na mtaa wa Market wenyewe ni kijito kilichofukiwa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida mwezi ukiwa mpevu au mchanga, hasa miezi ya Septemba hadi Novemba, maji ya bahari hupanda kupitia mifereji na kutanda barabarani hata kama hakujanyesha tone. Mwaka wangu wa kwanza niliongoza kundi la watu tisa bila kuangalia ratiba ya maji kujaa, tukakwama njia panda maji yakiwa juu ya vifundo vya miguu, na watoto wawili ikabidi wabebwe mgongoni. Tangu siku hiyo ratiba ya maji ndiyo ninayoisoma kwanza.

Siku za Ijumaa na Jumamosi, katika miezi isiyo ya baridi, soko la City Market hufunguliwa pia usiku, na hapo ndipo ninapopenda kuanzia. Ni mabanda marefu ya mwanzoni mwa karne ya 19, na bidhaa nyingi ni zile zile za kila mji wa kitalii, lakini pitia yote hayo umtafute mama anayesuka vikapu. Hawa ni Wagullah, wajukuu wa Waafrika waliotumikishwa katika mashamba ya mpunga ya pwani hii, wengi wao wakiwa wametoka Senegambia, Sierra Leone na upande wa Kongo na Angola. Anayejua ususi wa kwetu ataona tofauti mara moja. Sisi tunasuka ukili kwanza, kisha tunaushona upande kwa upande. Wao hukusanya fungu la nyasi nyembamba zenye harufu tamu, wakaliviringisha kama nyoka anayejikunja, na kila mzunguko wakaufunga kwenye ule uliotangulia kwa uzi wa jani la mnazi mdogo wa huku, wakitoboa njia kwa mpini wa kijiko uliochongwa. Chini ya taa ya soko utaona mkono unavyovuta kila mshono hadi unalia. Kikapu kikubwa huchukua wiki nyingi, na nyasi zenyewe zimekuwa adimu kwa sababu fukwe zilikoota zimejengwa nyumba. Bei huanzia makumi ya dola na kufika mamia. Tafadhali usipatane kama uko soko la Kongowea, Mombasa. Ukishindwa kununua, kaa utazame na useme asante.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kila mgeni huja na orodha yake. Weka nafasi mapema ukitaka kula mtaa wa King mwishoni mwa wiki, na kumbuka kwamba bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 inahesabiwa kuwa sehemu ya bei. Agiza wali mwekundu wa nyanya, supu ya bamia, kamba waliowekwa juu ya uji mzito wa mahindi, na wali wa kunde, kisha umalize kwa biskuti nyembamba za ufuta, ambao hapa bado unaitwa kwa jina lake la Afrika Magharibi, benne. Njugu za kuchemsha nazo zipo, moto na zenye chumvi kama za kwetu. Jina lake la kienyeji katika majimbo haya ya kusini, goober, limetokana na neno nguba la Kikongo. Mzee mmoja kutoka Tanga alizila akiwa amesimama, akaniuliza kwa utaratibu ni nani aliyewafundisha watu hawa kupika. Nilimjibu kwamba wapishi wenyewe ndio waliokuja na ujuzi, kama walivyokuja na ujuzi wa kulima mpunga uliowatajirisha mabwana wa mji huu.

Kwa wapenda muziki, wakati bora ni siku 17 za tamasha la Spoleto, lililoanzishwa mwaka 1977 na mtunzi Gian Carlo Menotti, ambalo huanza mwishoni mwa Mei na kujaza makanisa na kumbi kila usiku. Ukumbi wa Dock Street una maonyesho karibu msimu wote. Lakini sikilizeni jazi pia, mkijua ina mizizi hapa: kituo cha mayatima kilichoanzishwa mwaka 1891 na mchungaji Daniel Jenkins kilikuwa na bendi ya vijana iliyopiga matarumbeta mitaani ili kupata fedha za kuendesha kituo, na miongoni mwa waliopitia bendi hiyo ni Freddie Green, mpiga gitaa aliyekaa na bendi ya Count Basie kwa miaka 50.

Mtaa wa Calhoun, mwendo mfupi kutoka kumbi hizo, kuna kanisa la Emanuel, lenye kuta nyeupe na waumini weusi. Jioni ya Jumatano, tarehe 17 Juni 2015, waumini walikuwa wakijifunza Biblia ndani yake, wakamkaribisha kijana mgeni, mzungu, akae nao, naye akawaua watu tisa, akiwemo mchungaji wao Clementa Pinckney. Huwaleta wageni hapa wakiniomba, tukasimama upande wa pili wa barabara na simu zetu mfukoni. Kutaniko hilo lina historia ndefu ya kuvumilia: kanisa lililolitangulia lilibomolewa mwaka 1822, wakati Denmark Vesey, fundi seremala aliyejinunulia uhuru, alipotuhumiwa kupanga uasi wa watumwa na kunyongwa pamoja na wenzake zaidi ya 30.

Sasa matembezi yenyewe. Kutoka sokoni tunashuka kusini hadi kichochoro cha Chalmers, kilichotandikwa mawe ya mviringo. Mawe haya ni farumi: yaliletwa matumboni mwa meli zilizokuja bila mzigo wa kutosha, yakapakuliwa ili mchele na bidhaa nyingine zichukue nafasi. Namba 6 ni jengo lenye tao kubwa mbele, lililokuwa mnada wa watu. Mwaka 1856 baraza la mji lilipiga marufuku kuwauza watu hadharani barabarani, na biashara ikahamia ndani ya majengo kama hili. Sasa ni makumbusho, na usiku hufungwa, jambo ambalo naliona ni heri, kwa sababu mgeni hana cha kusoma wala cha kupiga picha isipokuwa kusimama tu mbele ya lango.

Karibu na hapo nawaomba wageni wazime taa zao, kisha mmoja wao aushikilie mwanga wa simu sambamba na ukuta wa matofali, ukipita juu yake bila kuuelekea. Matofali mengi ya mji huu yalifinyangwa kwa mikono kwenye mashamba ya kando ya mito, na watu waliokuwa utumwani, watoto wakiwemo. Katika baadhi ya kuta alama za vidole zimebaki pale tofali bichi liliponyanyuliwa kabla halijakauka. Mchana unaweza kupita hapo mara mia usizione. Kwa mwanga wa ubavuni vijishimo vitatu vidogo hujaa kivuli, na mtu mzima akijaribu kuweka vidole vyake humo, haviingii.

Ukiinua macho utaona pia vibamba vya chuma kwenye kuta, vingine vya duara, vingine vyenye umbo la nyota. Tarehe 31 Agosti 1886, karibu saa nne usiku, tetemeko kubwa liliuvunja mji huu, na nyumba nyingi zilizopona zilifungwa kwa vyuma virefu vilivyopenyezwa kutoka ukuta hadi ukuta, na vibamba hivyo ndivyo vishikizo vyake.

Kona ya Meeting na Broad lipo kanisa la Mtakatifu Mikaeli, lililomalizwa mwaka 1761. Kengele zake nane zilisubuliwa London mwaka 1764, zikachukuliwa na Waingereza katika vita vya uhuru, zikarudishwa, zikaharibika kwa moto katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, zikapelekwa tena London kusubuliwa upya na kurejea mwaka 1867. Wageni hupenda kuzisikia. Mimi huwaeleza zilichokuwa zikisema. Kabla ya vita hivyo, kengele na ngoma za walinzi zilipolia usiku, saa tatu wakati wa baridi na saa nne wakati wa joto, kila mtu mweusi asiye na kibali alipaswa kuwa ndani, na aliyekutwa nje alikamatwa. Jioni ya mji huu, ile tunayoitembelea kwa starehe, ilikuwa mali ya watu wa rangi moja. Ndiyo maana mimi, mtu mweusi kutoka Lamu, sichukulii kwa wepesi kusimama kwenye kona hiyo saa tatu ikigonga.

Mtaa wa King, namba 27, ipo nyumba ya Miles Brewton. Juu ya uzio wake kuna mhimili wa chuma wenye mikuki mirefu iliyoelekezwa kila upande, na taa ya mlango huitupa mikuki hiyo ukutani kama kivuli cha nungunungu. Iliongezwa baada ya hofu ya mwaka 1822, ile ya uasi aliotuhumiwa nao Vesey. Nimeona waongozaji wakiipita wakizungumzia uzuri wa nguzo. Uzuri upo, sikatai, na mji huu ulistahili kuwa wa kwanza Marekani, mwaka 1931, kutunga sheria ya kulinda mtaa mzima wa kihistoria. Lakini anayeonyeshwa nguzo bila mikuki amedanganywa.

Kwa sababu hiyo hiyo nina shaka na matembezi ya mizimu, ambayo ndiyo yanayouzwa zaidi usiku. Yapo ya heshima. Mengine husimulia kwamba Lavinia Fisher aliua wageni chungu nzima katika nyumba yake ya wageni, wakati kumbukumbu zinaonyesha alinyongwa mwaka 1820 kwa unyang'anyi wa barabarani. Kabla ya kulipa, muulize mwongozaji hadithi yake aliitoa wapi, na usikilize jinsi anavyojibu.

Matembezi huishia Battery, kwenye ukuta wa bahari. Maji yakiwa yamepwa utanusa matope, na wageni wa pwani huuliza mikoko iko wapi. Hapa hakuna mikoko, ni majani marefu ya maji chumvi, ila harufu ni ile ile. Mbele, upande wa kushoto, taa ya Sullivan's Island humweka, kwenye kisiwa ambako Waafrika walioletwa kwa meli waliwekwa karantini kabla ya kuuzwa. Kutoka gati la upande wa East Bay, si mbali na ukuta huu, usiku wa tarehe 13 Mei 1862, kijana wa miaka 23 aliyeitwa Robert Smalls, mshika usukani aliyekuwa mtumwa, aliiondoa Planter, meli ya kijeshi ya upande wa Kusini uliotetea utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakati maofisa wake wamelala mjini. Alimchukua mkewe na watoto kwenye gati jingine, akavaa kofia ya majani ya nahodha, akapita ngome moja baada ya nyingine akipiga honi za ishara alizozikariri. Alfajiri aliipita Fort Sumter, akapandisha shuka jeupe kujisalimisha kwa meli za upande wa Kaskazini, akawafikisha watu 16 kwenye uhuru. Huwaonyesha wageni mkondo alioufuata kwa kuhesabu maboya, la kijani, jekundu, la kijani, hadi pale taa zinapokwisha na bahari kuu kuanza.