Msoto: mtaa unavyomtengeneza mchanaji

Msoto ni maisha ya kusota: kodi ya chumba imelala miezi, kibarua kinapatikana leo na kesho hakipo, na kijiweni ukikaa usiku unaweza kusombwa na doria kwa kosa la uzururaji. Wapenzi wa hip hop wakisema mchanaji (rapa) fulani "ana msoto", wanamaanisha kwamba shida hizo zimeingia kwenye mistari yake kiasi cha kusikika hata pale anapoimba kuhusu kitu kingine.

Muziki wenyewe ulianzia mahali pa namna hiyo. Barabara kuu ya Cross Bronx, iliyojengwa New York kati ya 1948 na 1972, ilihamisha maelfu ya watu, na mitaa iliyobaki ikawa ya majumba yaliyotelekezwa na kuungua. Vijana wa hapo hawakuwa na fedha za ala. DJ Kool Herc, ambaye disko lake la 11 Agosti 1973 huhesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip hop, alijipatia jina kwa kurefusha kipande cha ngoma akitumia santuri mbili za wimbo uleule. Uhaba wa vifaa ukazaa mtindo.

Tanga ina msoto wa aina yake. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani, na mkoa huu ndio uliokuwa moyo wa zao hilo. Kamba za plastiki zikashusha bei, mashamba yakafa, kisha viwanda navyo vikafuata. Cha mbolea kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo mtoto wa Makorora au wa barabara za namba za Ngamiani hakulelewa na milio ya risasi. Alilelewa na wazee waliowahi kuwa na mshahara, na kaka wanaosubiri meli.

Shule ya mchanaji ni kijiwe. Pale watu wamekaa tangu asubuhi, hawana haraka, na hawana huruma: mstari mbovu unazomewa kabla haujaisha. Ndiyo maana wachanaji wa uswazi huweka utani au tusi la kujificha kila baada ya mistari miwili au minne; wamezoea hadhira inayoondoka ikichoka. Kundi la Wagosi wa Kaya, la Tanga, lililipeleka hilo redioni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wimbo wao "Wauguzi" ulilalamikia huduma za hospitali kwa lafudhi na vijembe vya Tanga, na malalamiko yakafika nchi nzima kwa sababu watu walicheka kwanza.

Kijiwe pia hufundisha kubana maneno. Biti ya mapigo 90 kwa dakika hukupa takriban sekunde 2.7 kwa mstari wenye mapigo manne, na kila pigo ukiligawa mara nne unapata nafasi 16. Ni hesabu ileile ya mshororo wa shairi wenye mizani nane kwa nane. Tatizo ni pumzi. Chukua mstari huu: "Meli haijafunga gati, kibarua hakuna." Mizani 16 kamili, hakuna pa kuvuta hewa, na mchanaji ataanza kukatika kwenye mstari wa tano au wa sita. Ukisema "Meli haijafunga, kibarua hakuna" umebaki na 14 na nafasi mbili za kupumua. Kwa mtu wa bandarini hakuna kilichopotea, kwani anajua kinachofungwa ni gati. Kina nacho kishike silabi mbili za mwisho, maana mkazo wa Kiswahili uko kwenye ya pili kutoka mwisho: "bandari" na "hatari" vinagongana vizuri, "bandari" na "mzuri" vinapishana.

Halafu kuna chumba. Studio nyingi za mtaani ni geto la mtu: ukuta wa tofali tupu, bati juu, kompyuta moja. Tofali na bati hurudisha sauti, hivyo magodoro mawili husimamishwa nyuma ya mchanaji na pembeni yake. Maiki hukaa shubiri moja kutoka mdomoni, na soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye kitanzi cha waya huzuia P na B zisipige kishindo. Feni inazimwa. Mvua ikianza kazi imeisha. Vesi ya mistari 16 ni sekunde 43 hivi, lakini kwa joto lile hurekodiwa vipande vipande, na msikilizaji makini atasikia sauti imepanda ghafla katikati. Ule ukavu wa sauti iliyo karibu mno, ambao watu huuita "uhalisia", mara nyingi ni soksi, godoro na hofu ya uniti za umeme wa LUKU kuisha.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuazima msoto wa watu. Kijana wa Tanga anachana kuhusu bunduki za Compton, Marekani, na kijiwe kinamjua tangu akiuza maandazi ya mama yake! Kosa la pili ni kuorodhesha shida: njaa, umaskini, machozi, vesi nzima bila kitu cha kushikika. Nauli aliyokosa ingesema zaidi.

Wala mtaa hautoi mchanaji wa sampuli moja. Wachanaji Roma na Mwana FA wote ni watoto wa Tanga. Roma alijulikana kwa kuisema siasa bila kupepesa macho. Mwana FA kwa visa vya mapenzi na mashairi ya kistaarabu, na tangu 2020 ni mbunge wa Muheza.