Ujuzi wa kidijitali si kazi ya mwalimu wa kompyuta peke yake

Tangu tuanze kuwataka walimu wa masomo yote waonyeshe ujuzi wa kidijitali katika maandalio yao ya somo, malalamiko yanayotufikia ni yale yale. Mwalimu wa Historia anauliza kwa nini anabebeshwa somo lisilo lake. Wa Hisabati anasema muhtasari wenyewe hauishi, huo muda atautoa wapi. Mwalimu mkuu anatuandikia kwamba shule ina maabara ya kompyuta na mwalimu wake, basi suala limekwisha. Wengi wanaoandika ni watu wanaoipenda kazi yao na waliokwisha kuelemewa, nasi tunawasikia. Hata hivyo, sehemu ya malalamiko hayo imejengwa juu ya dhana ambazo zingepaswa kuwa zimekwisha zamani.

Ya kwanza ni kwamba watoto wa siku hizi wanazaliwa wanajua. Hawajui. Wanajua kufungua programu, kutuma picha na kutafuta video, na wanafanya hayo kwa kasi inayotushangaza sisi watu wazima. Mwaka 2018 utafiti wa kimataifa wa ICILS, unaopima ujuzi wa wanafunzi wa kutumia kompyuta na taarifa, na unaoendeshwa na IEA, jumuiya ya kimataifa ya kutathmini elimu, uliwapima wanafunzi wa darasa la 8 katika nchi kadhaa, zikiwamo Denmark, Ujerumani na Marekani. Waliofika ngazi ya juu kabisa, ile ya kutafuta taarifa, kuzipima na kuzitumia bila kushikwa mkono, walikuwa asilimia 2 tu. Asilimia 18 hawakugusa hata ngazi ya kwanza. Hao ni watoto waliokua na vifaa mikononi.

Ya pili ni kwamba ujuzi wa kidijitali maana yake ni kuijua kompyuta. Kuhifadhi faili, kutunza nywila na kuandika programu ni kazi ya mwalimu wa kompyuta, na wengi wanaifanya vizuri. Tunachomwomba mwalimu wa Jiografia ni kile ambacho mwalimu wa kompyuta hawezi kumfanyia.

Chukua ramani ya dunia anayoiona mwanafunzi akitafuta mtandaoni. Mara nyingi imechorwa kwa makadirio ya Mercator, yaani namna moja ya kuihamisha dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa, ya mwaka 1569, yaliyokusudiwa mabaharia. Yanatunza pembe za safari na kuharibu ukubwa wa nchi: kadiri unavyoiacha ikweta ndivyo kila kitu kinavyovutwa. Penye latitudo ya 60, urefu unaonekana mara 2 ya ulivyo na eneo mara 4. Ndiyo maana Greenland inaonekana kuwa na ukubwa sawa na Afrika. Sasa mwalimu awaambie wanafunzi wakadirie kwa macho, waandike makadirio yao, kisha watafute maeneo yenyewe katika vyanzo viwili tofauti na wagawanye. Watakuta Afrika ina takriban kilomita za mraba milioni 30 na Greenland kama milioni 2.2, yaani Afrika inaizidi karibu mara 14. Wataona pia kwamba vyanzo viwili havikulingana hadi tarakimu ya mwisho, na hapo wajadili kwa nini. Kipindi ni kilekile, na mada ni ileile ya ramani iliyokuwa tayari kwenye azimio la kazi. Kilichoongezeka ni kwamba mwanafunzi ametoka na tabia ya kuuliza picha ya kwenye skrini ilitengenezwa kwa ajili ya nani.

Kwenye Hisabati jambo ni fupi zaidi. Chora grafu ya nguzo mbili, 50 na 52, uanzishe mhimili wa wima kwenye 48 badala ya sifuri. Nguzo ya pili itakuwa ndefu maradufu ya ya kwanza. Dakika tano zinatosha, na mwanafunzi aliyeichora mwenyewe hadanganywi kirahisi na grafu za namna hiyo zinazosambazwa kwenye simu.

Walimu wa Historia ndio wanaotupinga zaidi, wakisema kuhoji chanzo ndiyo kazi yao tangu zamani. Ni kweli, na ndiyo sababu tunawahitaji. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwaketisha wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo na wahakiki wa habari, wakawapa tovuti za kupima. Wanahistoria wengi na wanafunzi walibaki ndani ya ukurasa wakiusoma kwa makini, na nembo nzuri, lugha ya kitaalamu na anwani inayoheshimika vikawapotosha. Wahakiki waliuacha ukurasa mapema, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini juu ya mwenye tovuti. Walifika kwenye jibu sahihi haraka zaidi. Kwa hiyo umakini wa kusoma waraka hautoshi mtandaoni. Ni lazima mwanafunzi afundishwe kutoka kwanza kabla ya kuzama. Mwalimu aonyeshe hilo mbele ya darasa, akisema kwa sauti kila anachofikiri: hawa ni nani, nani anawalipa, nani mwingine amewataja.

Katika masomo ya lugha, swali la mwaka ni akili mnemba (AI), yaani programu zinazotunga maandishi zenyewe, kama ChatGPT. Tunaombwa tuipige marufuku, na siku hiyohiyo tunaombwa tuiruhusu. Msimamo wetu ni kwamba mwalimu aiweke mezani ichunguzwe. Programu hizi hupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Hazihakikishi kwamba jambo lilitokea. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha kesi za rejea ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT. Ikiwa wakili amenasa, mtoto atanasa. Wape wanafunzi insha iliyotolewa na programu, wapigie mstari kila dai linaloweza kuthibitishwa, kisha walithibitishe moja baada ya jingine.

Zoezi hilo halihitaji kila mtoto awe na kishikwambi. Insha ikichapishwa kwenye karatasi, kazi ya kalamu ni ileile. Tunasisitiza hili kwa sababu baadhi ya shule zinasubiri vifaa kwanza, na kila muhula unaopita kwa kusubiri ni hasara kwa watoto waliopo darasani leo.

Sasa niseme juu ya akaunti na taarifa binafsi, maana hapa ndipo makosa yanapotokea na hapa sheria haina huruma. Mwalimu asimfungulie mwanafunzi akaunti kwenye huduma yoyote ya mtandaoni kabla ya kupata kibali cha maandishi cha mkuu wa shule. Kabla ya kibali, asome masharti ya umri. Huduma nyingi zinakataza walio chini ya miaka 13, na UNESCO katika mwongozo wake wa Septemba 2023 ilipendekeza umri huohuo uwe wa chini kabisa kwa mtoto kutumia programu za akili mnemba peke yake. Kisha mzazi aarifiwe ni taarifa zipi zinachukuliwa, kwa kazi gani, zitakaa muda gani na zitafutwa vipi. Barua ya jumla iliyosainiwa siku mtoto alipoandikishwa haitoshi. Tumelijibu swali hili mara nyingi na jibu halijabadilika.

Wala saini ya mzazi haifuti kila kosa. Mwaka 2019 mamlaka ya ulinzi wa data ya Sweden ilitoza faini ya kronor 200,000 bodi ya shule katika manispaa ya Skellefteå, kwa kuwa shule moja ilijaribu kuchukua mahudhurio ya wanafunzi 22 kwa kutambua nyuso zao. Ridhaa ilikuwapo. Mamlaka ilisema haikuwa halali, kwa sababu mwanafunzi yuko chini ya shule na hayuko huru kukataa, na mahudhurio yangeweza kuchukuliwa kwa njia nyepesi zaidi. Kipimo hicho kinafaa popote: kama somo linawezekana bila jina, picha au namba ya simu ya mtoto, lifanyike bila hivyo. Matokeo yenye majina yasibandikwe kwenye makundi ya wazazi. Taarifa ikivuja, mwalimu amjulishe mkuu wa shule siku hiyohiyo, bila kusubiri kujua ukubwa wa tatizo.

Kuhusu upimaji, hatutaki mtihani mpya wala daftari jipya. Katika kazi ya mradi ambayo mwalimu tayari anaisahihisha, atenge alama chache kwa mwanafunzi kueleza taarifa yake aliitoa wapi, aliilinganisha na nini na kwa nini alikiacha chanzo kingine. Mwanafunzi aliyepata jibu sahihi bila maelezo hayo asipewe alama hizo. Kwa kuanzia, mada moja kwa kila somo kwa muhula inatosha, na mkaguzi akifika ataomba aone kazi za wanafunzi wenyewe, siyo picha za maabara ya kompyuta.