Masta ya Elimu Pekee Haitoshi: Kufundisha Kozi za Chuo Katika Sekondari za Marekani

Katika shule nyingi za sekondari Marekani, mwalimu yuleyule anayeita mahudhurio asubuhi ndiye anayefundisha kozi ya chuo kikuu. Wanafunzi hawatoki shuleni. Wakifaulu, alama zao huandikwa kwenye rekodi ya chuo, nao hupata krediti, yaani vizio vya kupimia kozi za chuo, ambazo huhesabiwa watakapoendelea na shahada. Chuo Kikuu cha Syracuse kilianzisha utaratibu wa namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika mwaka wa masomo wa 2022–23, karibu wanafunzi milioni 2.5 walisoma angalau kozi moja ya chuo kabla ya kumaliza sekondari, wengine kwenye madarasa yao ya kawaida, wengine chuoni au mtandaoni.

Kwa familia zetu zenye asili ya Afrika Mashariki na Kongo jambo hili lina uzito mkubwa. Huko Ohio, chini ya mpango wa College Credit Plus, mwanafunzi wa shule ya umma anayesoma kupitia chuo cha umma halipi ada wala vitabu. Mtoto aliyefika na wazazi wake kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akimaliza sekondari akiwa na krediti 15, muhula mzima wa chuo umeshapita bila mkopo. Lakini kozi hizo hazifundishwi na kila mwenye leseni ya ualimu, na hapo ndipo walimu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki na Kongo wanapokwama.

Leseni hutolewa na jimbo. Idhini ya kufundisha kozi ya chuo hutolewa na chuo, na chuo chenyewe kinawajibika kwa chombo kinachokipa ithibati. Katika majimbo 19, yakiwemo Ohio, Indiana na Minnesota, vyuo vingi vina ithibati ya Higher Learning Commission. Mwaka 2015 chombo hicho kilifafanua kigezo chake: mwalimu awe na shahada ya uzamili katika somo analofundisha, au awe na uzamili wa fani nyingine pamoja na krediti 18 za ngazi ya uzamili katika somo hilo. Walimu wa sekondari waliongezewa muda wa kutimiza kigezo hicho. Baadaye vyuo vilipewa nafasi zaidi ya kujiwekea vigezo, ila kwa idara nyingi krediti 18 ndicho kipimo kinachotumika hadi leo. Kwa kawaida hizo ni kozi sita.

Maneno ya kuzingatia hapo ni "katika somo". Mwalimu wa historia mwenye masta ya uongozi wa elimu, mwenye uzoefu wa miaka mingi, anaweza kukataliwa, kwa sababu transkripti yake, yaani orodha ya kozi alizosoma na alama zake, imejaa saikolojia ya ujifunzaji, mitaala na usimamizi wa shule. Hata kozi ya mbinu za kufundisha hisabati mara nyingi haihesabiwi kuwa hisabati. Inauma, hasa kwa mtu aliyejilipia masomo ya jioni akiamini kwamba masta ni masta. Kwa hiyo nawasihi walimu ambao bado hawajajiandikisha: kabla ya kulipa hata dola moja, mwandikie mkuu wa idara ya somo lako katika chuo kinachoshirikiana na shule yako, mpe orodha ya kozi unazokusudia kusoma, na umwombe akujibu kwa maandishi zipi atazikubali. Uliza pia kama jimbo au wilaya yako ya elimu inagharimia krediti hizo. Yapo majimbo yaliyotenga fedha kwa ajili hiyo hasa.

Aliyesoma nyumbani Afrika ana kazi moja zaidi. Masta ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni hoja nzito kwa kozi ya Kiswahili pale inapotolewa, lakini haimfungulii mtu mlango wa kufundisha uandishi wa Kiingereza wa mwaka wa kwanza. Vyeti vya nje hupelekwa kwanza kwenye taasisi ya kutathmini, kama World Education Services. Agiza tathmini ya kozi kwa kozi. Ile fupi, inayosema tu kwamba shahada yako inalingana na ya Marekani, ni nafuu lakini haimwonyeshi mkuu wa idara ulisoma nini. Kama uzamili wako ulikuwa wa utafiti zaidi kuliko madarasa, ambatanisha ikisiri ya tasnifu.

Usichanganye njia hii na kozi za Advanced Placement, ambazo ni kozi za sekondari zenye kiwango cha chuo. Huko shirika la College Board, linalozisimamia, hupitia silabasi, haidai masta, na krediti hutegemea mtihani wa mwezi Mei unaopimwa kwa alama 1 hadi 5. Katika kozi ya chuo, krediti inatokana na kazi ya muhula mzima, na anayetoa alama ni wewe.

Ndiyo maana chuo hakikupi idhini kikakuacha. Silabasi inapaswa kulingana na ya chuoni, unahudhuria mafunzo ya idara, na mhadhiri hupangiwa kukutembelea darasani na kulinganisha usahihishaji wako na wa wenzako wa chuoni. Alama mbaya hubaki kwenye rekodi ya chuo na inaweza kumwathiri mwanafunzi anapoomba msaada wa fedha baadaye. Mjulishe mapema tarehe ya mwisho ya kujiondoa kwenye kozi. Wazazi nao waelezwe mapema kwamba, kwa sheria ya shirikisho, haki juu ya rekodi za chuo ni za mwanafunzi mwenyewe hata kama hajafikisha miaka 18. Mzazi aliyezoea kumpigia mwalimu simu na kuambiwa kila kitu atashangaa sana.

Kuhusu malipo, uliza kabla ya kutia saini. Kuna wilaya zinazoongeza posho na kuna zisizoongeza chochote, na mara nyingi jibu limo kwenye mkataba wa chama cha walimu. Maombi ya kuanza Agosti hupelekwa miezi kadhaa kabla. Anza na mkuu wa shule yako, kwa sababu vyuo vingi havipokei jina la mwalimu ambaye hakupendekezwa na shule.