Diski moja, seva tatu

Taasisi ikinunua hifadhi ya diski inayounganishwa na seva kadhaa kwa pamoja, fundi hushawishika kuifungua kwenye seva zote siku hiyo hiyo. Seva zitakubali. Mara nyingi hakuna onyo litakalotokea, faili zitaonekana kote, na kwa saa kadhaa kila mtu ataridhika.

Mifumo ya faili ya kawaida, yaani programu zinazopanga faili diskini, kama ext4 na XFS, iliundwa kwa diski yenye mwenyewe mmoja. Ili iende haraka, seva huweka kwenye kumbukumbu yake ramani ya bloku (vipande vya diski) zilizo wazi na zilizojaa, wala hairudi diskini kuisoma upya kila mara. Tuseme seva A imehifadhi matokeo ya mtihani kwenye bloku ya 5000. Ramani ya seva B bado inasema bloku hiyo iko wazi, kwa hiyo inaandika mishahara pale pale. Kila seva imefuata ramani yake sawasawa. Asubuhi mtu anafungua matokeo, anakuta tarakimu za mishahara.

Mifumo ya faili ya klasta, yaani ya kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, kama GFS2 na OCFS2 iliyoingia kwenye kerneli (kiini) ya Linux mwaka 2006, huzuia hili kwa kufuli. Kabla ya kugusa faili, seva huomba kufuli kwa wenzake kupitia mtandao. Kusoma wanaweza kusoma wengi. Kuandika huandika mmoja. Anayeombwa aachie kufuli humwaga kwanza diskini mabadiliko aliyoyashika, ndipo mwenzake asome yaliyo mapya.

Lakini kufuli zinahitaji wenye kuzishika wawe hai, na hapa namsihi msomaji atulie. Seva B imeganda ikiwa imeshika kufuli. Wenzake hawasikii lolote kutoka kwake. Je, imekufa, au waya wa mtandao tu umechomoka? Wakiigawa kufuli hiyo kwa mwingine, halafu B ikazinduka baada ya nusu dakika na kumalizia kuandika ilichokuwa imeshika, tumerudi kwenye bloku ya 5000. Ndiyo maana klasta husimamisha kazi, huitenga B kwa kuikatia umeme au kuifungia njia ya diski, na ikishathibitisha, seva nyingine husoma daftari la mabadiliko la B na kuyaweka sawa yaliyoachwa njiani.

Mafundi wengi huzima utaratibu huu wa kutenga kwa sababu unawasumbua wakati wa kusimika. Tafadhali msiuzime. Bila huo klasta ni hatari kuliko seva moja.

Nani ana haki ya kumtenga mwenzake? Wenye kura nyingi. Kwa seva 3, wawili wakisikilizana wanaendelea; aliyebaki peke yake anasimama. Seva 2 zikitengana zina kura moja moja, kwa hiyo ongezeni mwamuzi wa tatu. Na kama mnachohitaji ni kushirikiana nyaraka za ofisi tu, NFS, yaani njia ya kugawa faili za seva moja kupitia mtandao, kwenye seva moja yenye nakala rudufu inatosha kabisa.

Kabla ya kuweka data halisi, chomoa kwa makusudi waya wa mtandao wa seva moja, utazame. Inapaswa kuzimwa au kufungiwa njia ya diski, nyingine zisite kidogo, kisha faili zifunguke tena. Ikiwa bado inawaka na kuandika, rudi kwenye mipangilio.