Borgo ni nini? Tazama Civita di Bagnoregio

Ukisoma habari za utalii wa Italia utakutana na neno borgo kila ukurasa. Wengi hulitafsiri kuwa kijiji, na si kosa, ila haitoshi. Borgo ni makazi ya kale yaliyobanana: nyumba za mawe zinaegemeana, vichochoro vyembamba, kanisa, uwanja mmoja wa wote, na mara nyingi ukuta wenye lango. Neno limetoka kwenye burgus ya Kilatini, yaani ngome ndogo, na ni ndugu wa burg ya Kijerumani iliyojificha ndani ya majina kama Hamburg na Strasbourg.

Kwa nini mengi yako juu ya vilima? Kwanza, vita. Kuanzia karne ya 10, mabwana wenye ardhi waliwakusanya wakulima ndani ya kuta, mahali ambapo adui anaonekana kabla hajafika. Pili, homa. Mabonde yenye vinamasi yaliua watu, nao wakailaumu hewa yake, mala aria, "hewa mbaya". Ndiyo, malaria yetu hii tunayoijua ilipata jina lake huko. Hewa haikuwa na hatia, mkosaji alikuwa mbu, lakini kupanda kilimani kulisaidia kweli.

Civita di Bagnoregio, kiasi cha kilomita 120 kaskazini mwa Roma, inaonyesha borgo ni nini, na pia inaonyesha gharama yake. Waetruski, watu wa kale wa Italia waliotangulia enzi ya Warumi, waliishi hapo zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Juu ni mwamba wa tufu, jiwe la volkano ambalo ni rahisi kuchonga. Chini yake ni udongo wa mfinyanzi. Mvua na vijito vinaukwangua udongo ule, mwamba unabaki ukining'inia, kisha kipande kinameguka na kuanguka, pamoja na nyumba kama ipo. Waitaliano wanapaita la città che muore, mji unaokufa.

Pigo kubwa lilikuwa tetemeko la mwaka 1695. Askofu na watawala walihamia mtaa wa jirani, ambao leo ndio Bagnoregio yenyewe, na watu wakawafuata kidogo kidogo. Sasa wakazi wa kudumu wa Civita ni kama dazeni moja tu.

Hapo ndipo alipozaliwa Mtakatifu Bonaventura, Mfransisko aliyefariki mwaka 1274 na kutangazwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1588. Jina lake bado wanabatizwa watoto wengi wa Kikatoliki Afrika Mashariki. Nyumba ya utotoni mwake usiitafute: ilishaporomoka bondeni zamani.

Kuingia ni kwa miguu tu, kupitia daraja la zege la mwaka 1965, urefu wa mita 300 hivi, ambalo mwishoni linapanda kwa ukali. Ukiwa na magoti mabovu utalikumbuka. Langoni, Porta Santa Maria, kuna simba wa mawe wanaokandamiza vichwa vya watu kwa makucha. Ukishaingia, inua macho: kuna ukuta wa mbele wa jumba la kifahari, madirisha yake yamesimama sawasawa, lakini ukichungulia ndani unaona anga. Sehemu yote ya nyuma ilishakwenda na mwamba. Kwangu mimi hapo panavutia kuliko hata kanisa la San Donato, ingawa mahujaji watabisha.

Uwanja wa mbele ya kanisa hauna lami, ni vumbi na changarawe. Juni na Septemba unageuka uwanja wa mbio za punda, Palio della Tonna, watu wakijazana kandokando na punda wengine wakigoma katikati ya mzunguko.

Tangu mwaka 2013 mgeni analipa kiingilio. Kilianza kwa euro moja na nusu, kikapanda hadi tano.