Usiache uradi kwa sababu huhisi kitu

"Mwalimu, nasoma uradi lakini sihisi chochote. Si bora niache mpaka moyo utulie, kuliko kusoma kwa unafiki?" Swali hili la uradi, yaani maneno ya kumtaja Mungu ambayo mtu hujipangia kuyasoma kila siku, naletewa Ramadhani, naletewa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, darsani na kwenye simu, na mara nyingi anayeuliza huwa keshaacha. Anachotaka kwangu ni ruhusa tu. Simpi.

Dada zangu, mnachanganya hudhuri na ladha. Hudhuri ni moyo kujua ulimi unasema nini. Hiyo ni kazi yako, na unaiweza hata ukiwa umechoka, umeudhiwa au umefiwa. Ladha ni yale machozi, mwili kusisimka, kifua kufunguka. Hiyo ni majaaliwa. Huja bila hodi na huondoka bila kuaga. Aliyeifanya ladha kuwa kipimo cha uradi wake amemwekea Mola wake sharti: nipe raha ndipo nikutaje. Hapo ndipo ninapokosa subira, kwa sababu raha hiyo tumeianza kuipenda kuliko Mwenyewe anayetajwa.

Mnaogopa unafiki? Hanzala, swahaba na mmoja wa waandishi wa Mtume (S.A.W.), aliogopa zaidi yenu. Alikutana na Abubakar akamwambia: Hanzala amekuwa mnafiki. Tukiwa mbele ya Mtume, Pepo na Moto kama tunaviona. Tukirudi kwa wake, watoto na mali zetu, mengi tunayasahau. Abubakar akakiri kwamba na yeye yanamkuta. Wakaenda wote wawili. Mtume akawajibu kwamba lau wangedumu katika hali ile, malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani, "lakini ewe Hanzala, saa hii na saa hii." Akaikariri mara tatu. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Sasa wewe unayejihukumu kwa sababu ya Jumanne moja kavu, unataka hali ambayo Abubakar mwenyewe hakudumu nayo?

Naye Ibn Ata'illah wa Iskandaria, sheikh wa Kisufi aliyefariki Kairo mwaka 1309, alilifunga suala hili: usiache dhikri kwa kuwa moyo wako haupo, maana kughafilika ukiwa humtaji kabisa ni kubaya kuliko kughafilika ukiwa unamtaja. Wa pili yuko mlangoni. Wa kwanza ameshaondoka.

Wapo watakaolipokea hili vibaya, wasome wakiwa wameiacha akili jikoni. La. Sikilizeni msikitini baada ya salamu: "Subhanallah" 33 zinapukutishwa mpaka nuni inamezwa, inabaki "subhalla, subhalla". Hapo hakuna hudhuri, na dawa yake ni ya mwili. Soma tatu kwa pumzi moja. 33 zitakuwa pumzi kumi na moja. Hesabu kwa vidole, kwa sababu kidole kinakuamsha wakati punje za tasbihi zinapita zenyewe. Tasbihi si haramu, lakini wengi wetu tunaweza kuivuta huku tukipanga mboga ya kesho.

Na mwenye hedhi asinambie yuko likizo. Swala imeondolewa, dhikri haijaondolewa. Dhikri za asubuhi na jioni, kumswalia Mtume, istighfari, vyote viko wazi kwako. Wanawake wengi wanapoteza mazoea yao kila mwezi kwa kutoelezwa jambo hili.

Lipo linalonisumbua. Tunasoma katika Sura ya Ar-Ra'd, aya ya 28, kwamba kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu nyoyo hutua. Nimekaa na mama aliyezika mtoto, anamtaja Mola wake usiku kucha, na moyo wake hautui. Masheikh wametoa maelezo, kwamba utulivu ni wa imani na si wa hisia. Nayakubali, lakini mbele ya mama yule hayanitoshi, wala sithubutu kumwambia kwamba dhikri yake ina kasoro. Asiyelala wala kula kwa wiki kadhaa namwambia pia aende hospitali. Kwenda kwa daktari hakupunguzi tawakuli, kumtegemea Mungu.

Anayerudi baada ya kuacha asianze na Ratibu ya Imamu Haddad nzima, ule mkusanyiko wa nyiradi. Imamu, aliyefariki Tarim mwaka 1720, aliipanga fupi, nyingi ya nyiradi zake mara tatu tatu, lakini kwa aliyekatika bado ni ndefu. Aanze na tasbihi ya Bibi Fatuma, binti wa Mtume, wakati wa kulala: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34. Bibi Fatuma alipewa hiyo alipokwenda kwa baba yake kuomba mtumishi, mikono imeumia kwa jiwe la kusagia. Ukiishika bila kuruka usiku, njoo tuongeze.